Bwana Harusi Aliyeonekana Mgongo

Mama mshauri, shikamoo. Nimekwama vibaya na Jumapili inakuja, nakuomba usinicheke kabla hujamaliza kusoma.

Mimi ni kijana wa miaka thelathini na moja, naishi hapa Arusha, kazi yangu ni kuongoza watalii wa ndani, yaani nawachukua watu kwa kosta nawapeleka Tanga mpaka Pangani kuona sehemu ilikorekodiwa ile tamthilia iliyokuwa inafanya nchi nzima iwahi nyumbani, nawaonyesha nyumba ya mama mkwe mkorofi, nawaonyesha kisima kilichotupiwa pete, wanapiga picha, tunakula samaki, tunalala, kesho yake tunarudi. Sasa katika tamthilia hiyo kuna harusi, na bwana harusi haonekani uso hata mara moja, ni mgongo tu kuanzia mlangoni mpaka madhabahuni, na watu hadi leo wanabishana yule ni nani. Katika safari yangu ya tatu au ya nne, tukiwa kwenye ngazi za lile kanisa dogo, abiria mmoja akaniuliza, "Kaka, na wewe ulikuwepo siku hiyo?" Mama, sijui nini kilinipata, nikageuka nikampa mgongo nikasema, "Nitazame vizuri." Wakapiga vigelegele kosta nzima.

Ukweli ni kwamba siku wanarekodi mimi nilikuwa Nduruma nafungulia maji kwenye shamba la vitunguu la kaka yangu, na kamera ya tamthilia sijawahi kuiona hata kwa mbali.

Mmoja wa waliopiga vigelegele ni binti wa Maji ya Chai, anaitwa Brightness, mwalimu wa chekechea, akaja kupiga picha na mimi pale kwenye ngazi, tukapeana namba, na leo nakwambia mama huyo ndiye maisha yangu, nampenda mpaka naogopa. Nilitaka kumwambia ukweli mwezi wa kwanza nikaona ni mapema mno, mwezi wa sita nikaona nimeshachelewa, na katikati hapo sikumbuki ilikuwaje. Yeye ile picha ameiweka kwenye simu, kila mgeni anaonyeshwa, "Huyu ndiye yule wa mgongo." Posa ikapita, wazee wakaelewana, matangazo ya ndoa yakaanza kusomwa kwenye usharika wao, maana sisi ni Walutheri na lazima mtangazwe Jumapili tatu ili mwenye pingamizi aseme.

Baada ya tangazo la kwanza, akina mama wa usharika wakakodi kosta yetu waende nao wakaone. Kiongozi wao ni Shangazi Tabitha, dada wa baba yake Brightness, ambaye pia ni mzee wa kanisa. Walikuja ishirini na saba na mahotipoti yao ya machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, wakaimba mpaka Korogwe, na tulipofika kwenye zile ngazi wakasema hawapandi wala hawashuki mpaka niwahadithie. Nikawahadithia. Shangazi akatoa daftari.

"Na kiapo mlikisema chote?"

"Chote, Shangazi."

"Na mchungaji naye alikuwa wa kuigiza?"

Hapo mama ndipo nilipojimaliza, maana walikuwa wananitazama wote, nikataka hadithi inoge, nikasema, "Hapana, Shangazi, yule alikuwa mchungaji wa kweli kabisa, amestaafu tu." Akaandika. Mimi nikadhani amefurahi.

Jumapili iliyofuata zamu ya kusoma matangazo ilikuwa yake. Akasoma vizuri, tangazo la pili, Aminieli na Brightness wanatarajia kufunga ndoa, mwenye pingamizi alilete kwa mchungaji. Kisha akavua miwani akasema, "Na mimi ninalo. Kijana huyu ana mke Pangani." Kwaya ikageuka yote. Brightness akasimama akasema, "Shangazi, si ilikuwa ni kuigiza!" Shangazi akamjibu taratibu, "Mwanangu, gauni linaigizwa. Kiapo mbele ya mchungaji wa kweli hakiigizwi, na amekiri kwa mdomo wake, mashahidi ni hawa hapa." Wale mama wote wakaitikia kwa vichwa.

Mchungaji ameniambia hadi Jumamosi nilete barua kutoka kwa waliorekodi, ieleze ilikuwaje, vinginevyo tangazo la tatu halisomwi. Barua nitaitoa wapi na hawanijui? Nikikiri, mimi ni mwongo, na nani atampa mwongo binti yao, nikinyamaza, mimi ni mume wa mtu. Rafiki yangu Koikai ana steshenari, amesema atanichapia barua nzuri yenye muhuri inayosema niliigiza na mchungaji aliigiza, kila mtu atabaki na heshima yake, harusi itaendelea. Mama, niichukue? Brightness ananitetea kila nyumba anayoingia, na akinitetea mimi natafuta mlango wa kutokea. Nisaidie.

Aminieli, Arusha

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole, ila ni nusu pole, nusu nyingine nimecheka mpaka mhariri akaja kuniuliza kuna nini.

Miaka kumi na moja naandikiwa na wanaume wenye wake wawili wanaojifanya hawana hata mmoja. Wewe ndiye wa kwanza ambaye hana hata mmoja, akajipatia mmoja kwa mdomo, kwa hiari yake, mbele ya wanawake ishirini na saba. Nani alikutuma?

Na Shangazi Tabitha umwache kabisa. Nimeona unavyomsimulia kama vile amekuonea. Amekuuliza swali zuri na ukampa jibu baya, akalipeleka panapohusika kama mzee wa kanisa anavyotakiwa. Ungemwambia tu kwamba mchungaji aliigiza, leo ungekuwa unapimwa suti. Lakini hapana, bwana mkubwa alitaka hadithi inoge. Imenoga sasa, ile.

Barua ya Koikai usiiguse. Hadithi za kwenye kosta ni kuongeza chumvi, lakini kuchapa muhuri wa watu wasiokujua na kumpelekea mchungaji ni kosa la kupelekwa polisi, na Koikai mwambie hivyo hivyo kabla hajawasha mashine. Halafu hebu fikiria imefanikiwa. Utaoa kwa mgongo wa mtu mwingine. Kila Krismasi wageni watakaa sebuleni, mkeo atawasimulia, nawe utaitikia, "Ndiyo, ni mimi," mpaka siku mwenye mgongo wake atakapoitwa kwenye kipindi akajieleza, na watoto wako wakiwa wamekaa hapo wanatazama. Unaweza kuishi hivyo? Mimi naona huwezi, kwa sababu akikutetea tayari unatafuta mlango wa kutokea, na hilo ndilo jambo pekee katika barua yako lililonipa matumaini.

Sasa nisikilize. Usianze na mchungaji, wala usianze na shangazi. Anza na Brightness, leo, shule ikifunga, mkiwa wawili. Usinunue maua. Usilete utani. Sema, "Sikuwahi kuigiza kwenye tamthilia ile, nilikudanganya tangu siku ya kwanza," kisha nyamaza. Akilia, usimbembeleze haraka haraka ili wewe upate nafuu. Akiuliza, jibu alichouliza, bila nyongeza. Majina yenu nimeyabadilisha yote, lakini hadithi sikuweza kuibadilisha ikabaki hadithi, na Maji ya Chai wanasoma gazeti, kwa hiyo huna muda wa kusubiri ujasiri.

Akikubali kuongozana nawe, nendeni kwa shangazi, umwamkie kwa adabu, urudie maneno yale yale. Atakusema. Kaa usemwe mpaka amalize. Kisha mchungaji. Na kwenye kosta, wiki ijayo, mtu akikuuliza kama ulikuwepo, mjibu hukuwepo, umwonyeshe kisima. Watu walikuja kuona Pangani, hawakuja kwa ajili yako.

Unaogopa pingamizi la Shangazi Tabitha, nalo litafutika kwa sentensi moja, kwa kuwa huna mke popote. Mwenye pingamizi la kweli ni Brightness, ila bado hajui kama analo. Mwambie, ili Jumapili tangazo la tatu likisomwa naye akanyamaza, awe amenyamaza akijua.