Wamenikuta Mweusi Hivihivi

Jumapili. Joto la leo halina adabu, bati limeanza kulia tangu asubuhi, na mimi nimetoka kanisani na hasira zangu zilezile nilizoingia nazo.

Jana wazee wa upande wa Masanja walikuja hapa nyumbani, Nyahanga, kupanga mahari. Masanja ni mchumba wangu, yuko Geita kwenye karasha, anasaga mawe ya dhahabu. Kwetu Wasukuma mahari ni ng'ombe, na kila mtu anajua, hata kama hasemi mbele ya padri, kwamba binti mweupe anavuta ng'ombe wengi. Akitokea mweusi kama mimi, wazee wanaanza kukohoa.

Ndiyo maana mwanzoni mwa mwezi Shangazi Kabula aliniletea kopo la mkorogo wa kung'arisha ngozi. Hakuzunguka.

"Jipake asubuhi na jioni, mwanangu. Wageni wakija wakukute umetakata. Usimwaibishe baba yako."

Nakiri nililifungua. Nilikaa nalo kitandani nikijiona ndani ya gauni jeupe, uso unang'aa, mawifi wamenyamaza. Kisha nikamkumbuka mama mmoja niliyewahi kumshonea gauni, mkorogo umemharibu, hawezi tena kukaa juani, ngozi ya mashavu imekuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana. Kopo nikalitupa chooni.

Sikumwambia mtu.

Jana nikatoka kuwanawisha wageni, nimepiga magoti, usoni nina mafuta ya mgando tu. Siku kama hiyo binti hasemi zaidi ya shikamoo. Baba mkubwa wa Masanja akaniangalia weee, halafu akamgeukia baba yangu, mimi nikiwa palepale chini na jagi mkononi.

"Mbona tuliambiwa ameshatakata? Kwa huyu, ng'ombe tupunguze."

Nikashindwa kunyamaza.

"Samahani, baba. Aliyewaambia amewadanganya. Rangi yangu ndiyo hii, na sina mpango wa kuibadilisha."

Shangazi akajifunika uso kwa khanga. Nikasubiri baba anikaripie, lakini alisema tu, "Mmemsikia." Wageni wakala wali wao haraka haraka, wakaaga kwamba wanakwenda kushauriana.

Jioni Masanja akapiga simu. Moyo wangu ukatulia, nikajua huyu sasa atanitetea.

"Lile kopo nililompa Shangazi akuletee, hukulitumia?"

Kumbe ni yeye.

Ni huyuhuyu aliyekuwa ananiambia kila siku kuwa mimi ni mzuri. Akanibembeleza, eti ni kwa ajili ya wazee tu, harusi ikipita niache. Nikamwambia wazee wake wasijisumbue kurudi. Nikakata simu, nikalia mpaka kope zikavimba.

Leo Shangazi amepita kuniambia nitazeekea kwa baba. Basi nizeekee! Cherehani ninayo, wateja ninao, na baba mwenyewe hajalalamika.

Bado nampenda Masanja, nisijidanganye. Simu yake imekuwa ikiita tangu nitoke kanisani na kila ikiita nashtuka. Sijaipokea. Kama ananitaka kweli, aje mwenyewe, mchana kweupe, akae mbele yangu na anitazame usoni hivi nilivyo.

Akishindwa, ng'ombe wabaki kwao.