Kabi Amefika Rironi Bila Kuchemka

Nyumbani kwa Shosho,
Waithaka, Nairobi.
Jumanne, 10 Machi 2026.

Mpendwa Mjomba Kibe,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba baridi ya huko Winnipeg imeanza kukuhurumia. Sisi hatujambo. Goti la Shosho, mama yako, humsumbua asubuhi, lakini jua likitoka anatembea mwenyewe hadi kwa kuku wake na kurudi. Mama bado yuko ofisini kule Kileleshwa. Anaondoka mapema na kurudi amechoka, ila kucheka hajaacha. Mimi nilimaliza shule mwezi wa Novemba, na matokeo hayakuwa mabaya.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi. Nikipewa simu niongee nawe, nasema "niko poa, Mjomba," kisha nanyamaza mpaka unauliza kama laini imekatika. Huwa haijakatika. Ni mimi. Maneno ninayo, ila yananijia simu ikishazimwa. Veronicah, binti wa jirani yetu, anarudi huko Alhamisi, na amekubali kukubebea bahasha hii. Nimeifunga kwa gundi kwa sababu ndani kuna jambo la wewe peke yako.

Ninaandika kwa ajili ya Kabi, lile gari la Guka. Mama alikwambia kwamba Mungai wa vyuma chakavu vya skrepu atakuja kumchukua Jumamosi, tarehe 21. Alituambia kwamba ulijibu, "Uzeni tu hicho chuma." Lakini kitabu cha gari kina jina lako, na Mungai hawezi kumgusa mpaka uthibitishe. Nakuomba, Mjomba, usithibitishe kabla hujafika mwisho wa barua hii.

Tangu tulipomzika Guka mwezi wa Juni mwaka jana, Kabi alikuwa amesimama karibu na ua. Magurudumu yalikuwa yameisha pumzi, na kuku mmoja alitaga mayai kwenye kiti cha nyuma. Januari nikaona nisikae tu nikingoja barua za vyuo. Guka alikuwa ananiita nimshikie spana. Nilikuwa nikishika na kutazama, basi. Nilibadilisha oili, nikasafisha plagi, nikapeleka betri ikachajiwe. Siku ya nne akanguruma. Shosho alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama akisikiliza, akarudi ndani.

Halafu nikaharibu mambo. Nilimwambia Mama kwamba gari liko tayari, naye akajitolea kumpeleka Shosho kliniki Limuru. Tulipofika Gitaru, pale barabara inapoanza kupanda, mshale wa joto ukaruka hadi kwenye nyekundu na mvuke ukafunika kioo. Shosho akaanza kuomba kwa sauti. Tulimaliza safari kwa gari la watu wengine, na kesho yake Mama akampigia Mungai.

Alikuja, akafungua boneti, akapiga injini kwa kidole kama anayenunua tikitimaji.

"Huyu alishakufa, Mama Mwihaki. Hapa tunazika tu."

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nilitaka kusema kwamba hajakufa, nikaishia kushika kitasa.

Lakini kuna kitu kilikuwa kinanisumbua. Asubuhi Kabi alichukua muda mrefu sana kupata joto. Mlimani alipata joto kupita kiasi. Nilijiuliza, gari moja linawezaje kuwa na baridi kuliko inavyotakiwa, na tena moto kuliko inavyotakiwa? Nikangoja injini ipoe kabisa, nikafungua kile kikombe cha chuma ambapo paipu ya mpira kutoka kwenye rejeta inaingia kwenye injini. Ndani hakukuwa na thamostati. Palikuwa patupu.

Nilikwenda Uthiru kumuuliza Kiilu, yule fundi ambaye Guka alimwamini. Nilirudia swali langu njia nzima ili nisigugumie.

"Aliyeitoa aliambiwa huku si Ulaya, hakuna baridi ya kuihitaji," Kiilu akasema. "Mafundi wengi wa barabarani husema hivyo. Sasa sikiliza, msichana. Hicho ni kimlango. Injini ikiwa baridi kimefungwa, ikipata moto kinafunguka. Na kwa injini kama ya babu yako, kikifunguka kinaziba njia ya mkato inayokwepa rejeta. Ukikitoa, maji yanapita mkato yanarudi kwa injini bila kupoa. Kwa tambarare utaponea. Kwa mlima, utapika chai."

Hapo nikaelewa kwa nini Guka hakupenda milima. Tulidhani ni woga wa uzee.

Kabla sijasahau, Mjomba, ulimwambia Mama kwamba hita ya gari lako inapuliza hewa vuguvugu. Huenda yako nayo ina shida, lakini usikimbilie gereji. Asubuhi, gari likiwa baridi, tazama kwanza kama kulanti, yale maji ya kupoza injini, imepungua. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto hata kidogo, itakuchoma uso. Kama kulanti imejaa, washa injini na ushike ile paipu ya juu ya rejeta, ukichunga nguo na feni. Inatakiwa ibaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha ipate moto kwa ghafla. Ikianza kupata joto polepole tangu mwanzo, ujue kimlango chako kimekwama wazi. Ni kazi ya bolti mbili au tatu tu.

Sasa nirudi kwa Kabi. Katika kibanda cha Guka kuna mkebe wa mafuta ya kupikia uliojaa skrubu. Nilikuwa natafuta bolti, nikapata kitu kimefungwa kwa kitambaa chenye oili. Ilikuwa thamostati, safi kabisa. Sikuelewa kwa nini mtu aweke kitu hicho vizuri namna ile badala ya kukirudisha mahali pake. Nikaifunga kamba, nikaining'iniza ndani ya sufuria ya maji juu ya gesi.

"Unapika nini wewe?" Shosho akauliza.

"Thamostati, Shosho."

"Inaliwa na nini?"

Tukasimama sote wawili tukichungulia. Maji yalipokaribia kuchemka, kile kimlango kikaanza kufunguka, kidogo kidogo, kama jicho la mtu aliyelala sana. Nilipoitoa kwenye maji kikajifunga. Shosho akasema nirudie. Tulirudia mara tatu.

Nilihitaji ule mpira wake wa duara tu, maana wa zamani ulikuwa umekauka. Nilikwenda mjini peke yangu, Kirinyaga Road, ambako maduka ya vipuri yamebanana. Nilipita mbele ya duka moja mara nne kabla ya kuingia. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwenye karatasi, kwa hiyo nikampa tu yule muuzaji, ambaye wenzake walimwita Odero.

"Siste, nani amekutuma?"

"Nimejituma."

"Wee, skieni huyu! Eti amejituma!" Wenzake wakaangua kicheko. "Haya, gari ni ya mwaka gani?"

"Tisini na moja."

"Ai! Hiyo si gari, hiyo ni babu yako."

"Ilikuwa ya babu yangu. Alifariki."

Akaacha kucheka. Alitafuta kwenye droo zake kwa muda mrefu, akapanda hata ngazi, na alipoupata akaufuta vumbi kwa shati lake. Aliniambia nikikwama nirudi nimuulize yeye, nisiulize mtu mwingine. Nilitoka pale nikihisi nimekuwa mrefu kidogo.

Siku ya kufunga ndipo nilipovunja bolti. Niliogopa maji yasivuje, nikakaza, nikakaza tena, ikakatika kichwa. Nililia chini ya boneti ili kuku tu ndio wanione. Kiilu alikuja na pikipiki, akakitoa kipande kilichobaki.

"Ulikuwa unakaza bolti ama unaminya blanketi?" akaniuliza. Kisha akanionyesha jinsi ya kukaza kwa mkono wa nusu nguvu, zamu kwa zamu, huku na huku. Alinikataza pia kujaza maji ya kisima cha ploti. "Nenda uangalie ndani ya birika yenu," akasema. Nilikwenda, nikaona ule ukoko mweupe. Ndio huo nilikuwa namnywesha Kabi. Mvua imeanza mapema mwaka huu, kwa hiyo nilikinga maji safi ya mvua nikachanganya na kulanti.

Juzi Jumapili, baada ya kanisa, nilimwomba Mama ajaribu mara moja tu. Alinitazama, akatazama nguo zake za kanisani, akachukua ufunguo. Tulipitia Uthiru tukashika barabara ya Nakuru. Shosho alikaa nyuma na jerikeni ya maji mapajani, maana hakutuamini. Mimi sikutazama barabara hata kidogo. Nilikuwa natazama mshale. Gitaru ukasimama katikati. Tukapanda. Ukabaki katikati. Tulipofika Rironi Mama akaegesha kando, akazima injini, tukasikiliza. Hakukuwa na mvuke wala harufu. Shosho akafungua jerikeni yake, akanywa yale maji.

Mama bado hajamwambia Mungai asije. Anasema gari ni la Kibe, na neno ni la Kibe.

Mjomba, sasa nafika pale palipofanya nifunge bahasha kwa gundi.

Unakumbuka lile daftari la Guka, linalokaa kwenye droo ya dashibodi? Kila kazi aliyofanyiwa Kabi imeandikwa humo: tarehe, kazi, na jina la aliyeifanya. Jumapili tulipofika nyumbani nililichukua ili niandike kazi yetu. Nikaanza kufungua kurasa za nyuma nikitafuta thamostati ilitolewa lini. Nakunakilia alivyoandika:

"14 Agosti 2009. Kibe ametoa thamostati, hajaniambia. Nimeiokota kwenye takataka nikaiweka. Nisimuulize. Anajifunza. Atairudisha mwenyewe."

Na chini yake: "22 Agosti. Limechemka Gitaru tukienda harusini. Nimewaambia nilisahau kuongeza maji."

Hiyo ndiyo hadithi ambayo Mama huisimulia kila Krismasi, jinsi Guka alivyosahau maji na watu wa harusi wakamcheka. Sote hucheka. Mwaka juzi ulikuwa kwenye simu, nikaona wewe hukucheka. Sikujua ni kwa nini.

Kisha uliondoka Januari iliyofuata. Kuanzia hapo, kila Desemba, ameandika mstari mmoja: "Thamostati bado iko kwenye mkebe." Kila mwaka, Mjomba, hadi Desemba ya mwisho aliyoiona. Ila mwaka wa 2016, ulipokuja kwa wiki mbili, aliandika: "Kibe amekuja. Amesimama mbele ya boneti, hakufungua. Si neno. Kuna siku nyingine."

Sijawaonyesha Mama wala Shosho. Daftari liko chini ya godoro langu, na litabaki huko mpaka useme vinginevyo. Niliogopa kukuandikia haya. Nilichana barua mbili. Lakini nilifikiri, kama ni mimi, ningetaka kujua kwamba alijua, na kwamba hakukasirika hata siku moja. Nadhani ndiyo maana aliandikisha gari kwa jina lako wakati watu walikuwa wakiuliza kwa nini ampe mwanawe aliye mbali.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na tisa, umetoka tu shule. Mimi nina kumi na minane. Guka alikuachia gari lake ukosee nalo. Nakuomba nawe uniachie nikosee nalo kidogo. Si lazima uniandikie barua ndefu. Mwambie Mama neno moja tu, "Ngoja," nami nitajua ulifika hapa.

Katika daftari nimeandika hivi: "8 Machi 2026. Bolti moja imevunjika. Mwihaki. Anajifunza." Na mstari wa juu yake: "Thamostati imerudishwa." Hapo mahali pa jina nimepaacha wazi. Niliifunga mimi, lakini kazi ilikuwa yako, na sikutaka kukunyang'anya. Ukisema Kabi abaki, nitaandika majina yetu mawili. Na siku utakayokuja, kuna plagi nne za kubadilisha, sitazigusa.

Shosho anakusalimu, anasema ule, usinywe kahawa tu. Mama anakusalimu. Kiilu anauliza kama huko mafundi hulipwa kwa kungoja theluji iyeyuke. Msalimie mkeo Caren na mtoto, mwambie mtoto binamu yake atamfundisha kushika spana.

Mungu akulinde barabarani, na akufungulie njia ya kuja nyumbani.

Ni mimi mpwa wako anayekupenda, ambaye kucha zake hazitoki grisi,

Mwihaki