Uzio wa Miba wa Shemeji Yako

Kikole, Kilwa

Dada yangu Zubeda,

Shikamoo dada. Natumai mnaendelea vizuri huko Lushoto, na mguu wa mama umepata nafuu. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila joto! Jamani, joto la huku linaanza kabla hujamaliza chai ya asubuhi. Naandika kwa kalamu kwa sababu mtandao haupatikani mpaka upande kichuguu, na mimi na tumbo hili la miezi minane sipandi kitu. Barua ataileta binamu wa mume wangu, anakuja huko.

Najua kinachokukosesha usingizi. Wewe huwezi kumwacha mama, sasa mimi nitajifungua nikiwa na nani? Nilishakwambia yupo Bi Somoe, jirani yetu, mtu mzima aliyewasindikiza zahanati karibu wanawake wote wa hapa. Kila siku alikuwa anapita kunitazama. Basi mume wangu Saidi akaniharibia.

Dada, huyu shemeji yako amekulia Tanga mjini. Tangu aachiwe shamba hili na marehemu baba yake, anajifanya mkulima kuliko wakulima. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuizungushia mikorosho yote uzio wa miba. Asubuhi moja akawakuta akina mama wamepenya, wanaokota mabibo, yale matunda ya mkorosho. Alitoka na panga, kifua wazi, anapiga kelele, "Wezi! Wezi wa korosho!" Na aliyekuwa mbele yao ni nani? Bi Somoe.

"Mwanangu," akamwambia, "korosho zako zile pale."

Kweli, chini ya mti palikuwa na lundo. Walikuwa wananyofoa korosho na kumwekea, wao wanachukua mabibo tu, wakayakamue na kuyaanika. Ndivyo walivyozoea tangu enzi za baba mkwe: bibo anachukua yeyote, korosho inabaki kwa mwenye shamba. Saidi aliliona lile lundo kwa macho yake. Unadhani aliomba radhi? Thubutu! "Shamba ni langu," akasema, akaziba tundu kwa miba mingine.

Tangu siku hiyo hakupita mtu. Kazi ya kuinama na kuokota ikawa yangu. Mabibo yakaoza, yakachacha, uwanja mzima ukanuka pombe. Nyigu wakajaa, mmoja akamuuma Saidi kwenye kope, nikamkanda kwa maji ya moto huku nacheka kimoyomoyo. Mbuzi wa watu wakapenya, wakala hayo yaliyochacha, wakalewa. Beberu mmoja akalala mlangoni kwangu, hafukuziki. Na Bi Somoe nikikutana naye kisimani ananijibu salamu, kisha basi, anajitwika ndoo anaondoka. Hilo ndilo lililoniuma, dada. Nililia.

Juzi nikachoka. Nikachukua panga, na tumbo langu hivyo hivyo, nikaanza kukata miba. Saidi akaja mbio.

"Mwanahawa, una wazimu?"

"Siku uchungu ukinishika nimwite nani? Nimwite beberu?"

Akaninyang'anya panga, akamalizia kukata mwenyewe huku akinung'unika. Nikajaza ndoo mabibo mazuri, nikamtwika. "Peleka kwa Bi Somoe. Maneno ya kusema utayapata njiani."

Sijui alisema nini huko. Alirudi anatazama chini, Bi Somoe yuko nyuma yake ameshika ndoo tupu. Mama wa watu hakuwa na maneno mengi. Alinilaza mkekani, akanipapasa tumbo, akasema, "Mtoto ameshageuka. Kuinama sasa basi. Mumeo ataokota."

Na anaokota! Tena akipita mtu anamwonyesha njia ya kuingilia kama vile yeye ndiye aliyeanza kuikata. Nimemwacha, nitafanyaje?

Nisalimie mama, mwambie mguu aukande asingoje mpaka uume. Msalimie shemeji, baba watoto wako, na mjomba wa duka la mitumba, mwambie vitenge nimevipata. Bi Somoe naye anakusalimu ingawa hamjaonana. Nilipomwambia nakuandikia, alisema: "Mwambie dada yako amuuguze mama yake kwa utulivu. Huyu huku ana watu."

Mdogo wako, asiyeiona tena miguu yake,

Mwanahawa