Nyuzi Nyuma ya Boti

Vällingby, Stockholm
12 Oktoba 1986

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Wajina wako Agripina anaota meno, hatulali.

Telegramu haikueleza yote. Boti ya Method ilikutwa ikienda polepole peke yake, ikiburuta chambo, na samoni amenasa. Mwanao hayumo.

Kila Jumapili rafiki yake Aloysius hunipeleka palepale, tunaburuta nyuzi vilevile. Uzi ukivutwa, nafumba macho.

“Fumbua, shemeji. Ni samaki tu.”

Mama, msiweke matanga kwanza. Nitamtafuta mpaka maji yagande.

Hata hivyo, nitumie lubugo, ile nguo ya gome la mti, la kumzikia, udongo kidogo wa hapo nyumbani, na shati lake la zamani, tuzike hilo tusipompata.

Mkweo,
Winifrida