Barua Niliyoipa Alama Kumi na Nne

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na kabla sijaanza nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho, neno kwa neno. Sababu ya kukuomba hivyo utaiona mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwaka wa kumi na saba huu niko kazini, na kumi na miwili kati ya hiyo nimekaa meza moja na rafiki yangu ambaye watoto walimbatiza jina la Chaki, kwa sababu hata siku ya harusi ya mdogo wake alikutwa na vumbi la chaki kwenye mkono wa gauni. Huyu si rafiki wa kusalimiana tu. Mwaka niliopoteza mimba ya miezi saba, nikawa sitaki kumwona mtu, yeye alikuwa anakuja kwangu kila siku baada ya vipindi, anakaa kwenye kigoda cha jikoni, anamenya viazi ambavyo hakuna aliyemwomba amenye, haniulizi kitu, hanihubirii, na akiona nimeanza kulia anaweka kisu chini, anatulia mpaka nimalize, kisha anaaga anakwenda zake. Mama yangu mzazi alikuwa ananiambia nijikaze. Chaki neno hilo hakunitamkia hata siku moja.

Basi mwaka jana mambo yakamgeukia yeye. Mama yake alipata kiharusi akamhamishia kwake, ikawa kila asubuhi kabla ya kuja kazini anamwogesha, anambadilisha, anamlisha, na mume wake kazi yake iko mbali, anarudi mara moja kwa miezi mitatu, halafu akifika shuleni anakuta darasa la watoto sabini na wanne. Nikamwona anapungua. Akawa anasahau miwani, anasahau zamu, anaitikia kabla hujamaliza swali. Siku moja tumebaki wawili ofisini akaniambia, "Mwenzangu, mimi nimechoka, yaani nahisi..." na mimi hata sikumwacha amalize, nikamwambia, "Hebu lete hayo madaftari hapa nikusahihishie, wewe pumzika, kesho utakuwa mzima." Akanitazama kidogo, kisha akanisogezea madaftari.

Hapo ndipo nilipoanza kukosea, mshauri, na nilikuwa najiona mwema. Nikawa nasahihisha ya darasa langu na ya darasa lake. Nikaiga hata tiki yake, ile anayoivuta mkia mrefu, nikaiga maoni yake, "Safi, ongeza bidii," mpaka watoto wenyewe wasijue ni nani aliyeshika kalamu. Kila alipofungua mdomo mimi nilikuwa nimeshanyoosha mkono, lete madaftari. Mihula miwili hivyo hivyo. Mwalimu mkuu naye, akiona madaftari ya Chaki yako tayari kila wiki, akamsifu kwenye kikao mbele yetu sote, akasema huyu ndiye mwalimu wa mfano, na mwalimu mmoja alipohamishwa akamwongezea Chaki na darasa la yule aliyehama. Chaki akasema ahsante. Mimi nikapiga makofi.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Wiki moja muhula uliopita kazi ya insha ilikuwa barua ya kirafiki, watoto wa madarasa yake yote mawili wakaandika kwenye karatasi, naye akanikabidhi rundo, karatasi mia na thelathini na ushei. Pengine wewe hujawahi kufundisha, ngoja nikueleze. Ukishapita barua ya thelathini husomi tena, unatafuta tu. Unatafuta anwani juu kulia, tarehe, "Rafiki yangu mpendwa", aya tatu, "Ni mimi rafiki yako", unaweka alama, unavuta nyingine. Na mwandiko haukunishtua, kwa sababu watoto aliowafundisha Chaki wanaandika kama yeye, herufi za mviringo, zimelala kidogo. Nikamaliza lote, nikamrudishia, nikajisifu kimoyomoyo kwamba nina kasi.

Siku mbili baadaye tuko ofisini akaniambia huku anatabasamu, "Mwalimu siku hizi unabana alama." Nikamjibu, "Watoto wako hawaandiki anwani, niwape za bure?" Akacheka. Na mimi nikacheka, nikabeba kikombe changu nikaenda kwenye kipindi.

Haikupita mwezi. Nilikuwa nafundisha, nikasikia darasa la jirani kimya, na watoto sabini na wanne hawanyamazi vile hata wakiwa kwenye mtihani. Nikachungulia. Chaki alikuwa amesimama ameuelekea ubao, mkono juu, chaki vidoleni, ameandika jina la siku basi, tarehe hakuna. Nikamwita mara mbili. Nikamshika mkono nikaushusha mwenyewe, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nisaidie, leo ni tarehe ngapi?" Watoto wote wanatutazama. Daktari alisema ni uchovu wa muda mrefu, wa mwili na wa akili, akampa mapumziko ya miezi miwili, na dada yake akaja akawachukua wote wawili, yeye na mama yao, wakahamia kwake.

Droo yake nilipewa mimi niipange, maana madarasa yake sasa nayafundisha mimi. Ndani ya kitabu cha mahudhurio nikakuta karatasi imekunjwa mara nne. Naiandika hapa kama ilivyo:

"Rafiki yangu mpendwa. Natumaini hujambo. Mimi sijambo, ila hilo nimeliandika kwa mazoea tu. Kila asubuhi nikishika kitasa cha mlango wa darasa mkono unakuwa mzito. Jana niliita majina mara tatu na kila mara nilipotelea katikati. Nakushukuru unavyonisahihishia lakini sitaki tena kusahihishiwa, mwalimu mkuu ananiongezea kazi akidhani naiweza. Naomba uje kwangu ukae, kama nilivyokaa kwako. Nikikwambia kwa mdomo utasema lete madaftari, ndiyo maana nimeiweka humu kati ya barua za watoto, najua humu macho yako yatapita. Ni mimi rafiki yako."

Na chini yake, kwa wino mwekundu, kwa mkono wangu mwenyewe: "Safi, ongeza bidii. Umesahau anwani na tarehe. 14/20."

Mshauri, tangu siku hiyo sahani yangu nairudisha jikoni ikiwa imejaa. Hakuna anayejua kuhusu karatasi hii ila mimi na yeye, na yeye hajui kwamba sasa nimeisoma. Sijaenda kumwona, hii ni wiki ya sita. Natuma ujumbe wa salamu, nafundisha madarasa yake, najiambia kwamba namsaidia. Juzi akanipigia simu, sauti nyepesi, akaniuliza, "Nikirudi tutaendelea vilevile, eh?" nikasema ndiyo, ndiyo, mwaya, wewe pona tu, nikasema nina kipindi, nikakata. Anarudi baada ya wiki mbili na ratiba mpya nimeiona mezani kwa mwalimu mkuu, madarasa yote mawili yameandikwa jina lake. Nikimwambia mkuu kwamba aliyekuwa anasahihisha ni mimi, Chaki ataonekana mdanganyifu baada ya kusifiwa vile. Nikinyamaza, anarudi palepale alipoangukia. Na hii karatasi nimeshaipeleka jikoni mara mbili niichome, nikashindwa. Namwogopa rafiki yangu, mshauri, naogopa nikimwonyesha atanikataa, na akinikataa nitasema amenionea? Niichome tuanze ukurasa mpya, au nifanye nini?

Ni mimi, Kalamu Nyekundu.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma neno kwa neno, mara mbili, na alama sikukata.

Pole. Nakuambia pole kwanza kwa sababu yanayofuata hayatakuwa matamu. Karatasi hiyo usiichome. Ukiichoma utakuwa umemnyamazisha mara ya pili, na safari hii huwezi kusingizia rundo.

Umeniandikia mambo mengi. Umenieleza mpaka mkia wa tiki. Lakini nimetafuta mahali ulipoandika mama yake anaendeleaje, au kama yeye mwenyewe siku hizi anapata usingizi, sikupaona. Hujui. Utajuaje, na hujakanyaga huko wiki ya sita hii? Mtu alikumenyea viazi siku zako za msiba, akavumilia machozi yako bila kuangalia saa, na zamu yake ilipofika wewe ukamwomba madaftari. Sisemi hukumpenda. Kusahihisha kulikuwa rahisi kwako kuliko kumsikiliza, ukachagua kilicho rahisi, ukajichosha nacho mpaka ukaamini ndio upendo wenyewe. Wangapi tunafanya hivyo! Mimi mwenyewe nina dada ambaye kwa miaka nilimfulia nguo ili asinisimulie ndoa yake.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ninyi wawili mliyaficha, yeye kwa ahsante na wewe kwa wino mwekundu, na mshukuru Mungu kwamba kilichowaumbua ni ubao tu.

Halafu ile simu. "Tutaendelea vilevile, eh?" Wewe ulisikia ombi. Soma tena barua yake: ameshasema hataki kusahihishiwa. Sasa mtu huyohuyo akuombe hilohilo? Alikuwa anakupima, mwanangu, anaangalia kama safari hii utauliza. Ukaitikia bila kusoma, ukakata.

Sasa sikiliza. Jumamosi hii nenda kwa dada yake. Usibebe daftari, usibebe ratiba, kalamu iache nyumbani. Beba karatasi hiyo peke yake. Ukishawasalimu wakubwa na kumjulia hali mama, kaa na mwenzako, ifungue, umsomee mwanzo mpaka mwisho kwa sauti, na usome na maoni yako ya chini, hata kama ulimi utakataa. Kisha sema, "Sikuisoma, nisamehe," unyamaze. Usimweleze habari za karatasi mia na thelathini, anazijua kuliko wewe, ni zake. Akikasirika mwache akasirike, ana haki. Akikufukuza ondoka kwa heshima, Jumamosi inayofuata rudi. Akianza kusema, na nadhani ataanza, usimkatize, usimpe dawa, usimwambie ajikaze. Wewe unajua neno hilo linavyouma.

Kwa mwalimu mkuu usitangulie peke yako. Siri ya mtu si yako kuigawa, hata ukiwa na nia njema. Mwombe ruhusa, na akikubali nendeni pamoja kabla ratiba haijabandikwa, na cheti cha daktari mkononi. Wewe ndiye uanze kuzungumza, maana kalamu uliishika wewe: sema kazi ile ilifanywa na watu wawili, na kwamba mwalimu huyu akirudi apewe darasa moja, tena kwa kuanza polepole. Mkuu atanuna. Mwacheni anune, aibu ya siku moja haijaua mtu. Akisema haiwezekani, muulize kwa adabu nani atashika darasa siku Chaki atakaposimama tena mbele ya ubao. Na tangu siku atakayorudi, madaftari yake usiyaguse. Yakilundikana yalundikane mezani, mwenye macho aone kazi ilivyo nyingi.

Na wewe je? Unafundisha darasa lako na ya mwenzako, huli chakula, na katika barua yote hii sijaona mtu aliyekuuliza hali. Hilo nalo utamwambia Chaki, lakini si Jumamosi ya kwanza.

Majuto ni mjukuu, na wako ameshafika. Ila wewe una bahati ambayo wengi wanaoniandikia hawana: aliyekuandikia yu hai, na barua yake bado inangoja jibu. Uliikata alama kwa kukosa anwani. Mwanangu, anwani ya nini, na mlikuwa meza moja? Leo yuko kwa dada yake, na njia unaijua. Jumamosi asubuhi nenda, na ukifika uliza kigoda cha jikoni kiko wapi.