Skuta Imerudi na Uzi Ndani Yake

Kwa Mama, chumba cha tatu kutoka getini,
Alhamisi, tarehe 14 Machi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu kabla ya yote. U hali gani huko uliko? Kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu kimekuacha, au bado unakinywea chai na kukiita mafua? Na wifi yangu, mgongo wake haujambo? Nataka majibu ya kweli, si lile "sisi wazima tu" lako, ambalo ungelisema hata ukiwa umelala machelani.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama anakula, anatembea, na presha yake ilipopimwa juzi ilikuwa imetulia. Mimi bado ninaishi kwa kuku wa watu. Nachanja vifaranga kama mia mbili kwa siku, na majogoo wameshanijua. Nikiingia uani wanajificha kabla wenye nyumba hawajatoka kunipokea.

Najua unashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu wewe hunikatiza. Ukisema tu "sikiliza, mdogo wangu", mimi nanyamaza, ndivyo nilivyo tangu utotoni. Leo nataka nimalize.

Skuta imepatikana, hilo najua Mama ameshakuambia. Polisi waliikuta nyuma ya karakana moja ya mbao, imelazwa chini ya lundo la maranda, wakaniita nikaitambue. Niliitambua kwa vile vyuma vinavyoshika sanduku langu la chanjo, maana vingine vyote vilikuwa vimebadilika sura. Kioo kimoja hakipo, kiti kimechanwa, madigadi ya mbele imekunjamana, waya wa breki umekatika, na ndani ya tangi mna mchanga. Sijui nani hutia mchanga kwenye tangi. Labda aliona kuna nafasi.

Nikaisukuma hadi kwa fundi wa kona. Akaizunguka mara mbili, akavua kofia, akasema, "Dada, hii si ya kutengeneza. Hii ni ya kuzika." Watu wakacheka. Nikamwambia aniazime spana namba kumi na namba kumi na mbili, nitaizika mwenyewe.

Nilifanya kazi siku kumi, uani, chini ya kamba ya nguo, kila nikirudi kuchanja. Tangi nililisuuza kwa petroli mpaka petroli ikatoka safi. Kabureta niliifungua juu ya sinia la Mama ili skrubu zisipotee, nikazibua matundu yake kwa waya mwembamba. Madigadi niliigonga juu ya tofali, ikanyooka nusu, ikakataa nusu. Kiti nilikishona kwa sindano ya magunia, na ukikikalia utajua kwamba fundi alikuwa na hasira. Miezi miwili bila skuta nilitembea kwa miguu na sanduku la barafu begani, Kaka, na mara mbili barafu iliyeyuka njiani nikamwaga chanjo yote. Kwa hiyo kila nati niliyoikaza niliikaza kwa furaha.

Jumatatu ulibaki umeme tu. Nikapiga kiki, kimya. Nikafungua kile kifuniko kilicho chini ya swichi ya ufunguo. Mwizi alikuwa amekata nyaya mbili za swichi na kuziunga moja kwa moja, ili injini iwake bila ufunguo. Moja ilikuwa imekatika tena pembeni ya kiungo. Nikabandua utepe mweusi, na chini ya utepe nikakuta uzi.

Wewe unaujua uzi huo. Mafundi wengine husokota nyaya, wakazungushia utepe, basi, wamemaliza. Baba ndiye aliyekuwa akiukunja msokoto kurudi nyuma, kisha akaufunga kwa uzi wa cherehani uliopitishwa kwenye nta ya mshumaa, ndipo utepe uje juu. Alisema utepe hukauka kwa joto ukateleza, lakini uzi hukaa. Sijamwona fundi redio mwingine akihangaika hivyo. Alitufundisha sisi watatu tu, pale mezani kwake, viungo kumi kila mmoja kabla ya kula, na kilicholegea kilirudiwa huku chakula kikipoa.

Uzi wangu huzunguka kwenda kulia. Wako vilevile. Huu ulikuwa umezunguka kwenda kushoto.

Nikakaa chini kwenye saruji na bisibisi mkononi. Nilijaribu, wallahi nilijaribu, kumtafuta mtu mwingine wa mkono wa kushoto aliyefundishwa na Baba. Hayupo. Yupo mdogo wetu peke yake, kitinda mimba wetu, ambaye Baba alihangaika kumhamisha mkono mpaka akachoka akamwacha. Na kilichoniumiza zaidi ni kwamba skuta aliiiba kwa haraka, lakini kiungo alikifanya kwa utulivu. Hakuruka hatua hata moja. Baba angempa alama zote.

Sasa nikukumbushe jambo ambalo nyote mnataka nilisahau. Siku skuta ilipopotea, mlinzi wetu wa getini, yule tunayemwita Filimbi, aliniambia wazi: "Mdogo wako ndiye aliyetoka nayo. Aliisukuma, akaniambia anaipeleka kwa fundi." Na mimi nilifanya nini? Niliwaka moto. Nikamwambia anamsingizia mdogo wangu ili afiche usingizi wake. Mdogo wetu akaitwa, akala kiapo kwa kaburi la Baba, macho makavu. Mama alisimama mlangoni, hakusema neno. Nikaenda kituoni, nikaandikisha maelezo kwamba mlinzi ameshirikiana na wezi, nikatia sahihi. Mwenye nyumba akamfukuza wiki hiyohiyo. Miaka kumi na mmoja getini, akaondoka na godoro lake kichwani. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilioneshwa hata kilipo, nikamkamata aliyenionesha.

Mdogo wetu alinisaidia kutafuta, unajua? Matangazo aliyaandika yeye, kwa ule mwandiko wake mzuri, tukayabandika kwenye nguzo mtaa mzima, mimi nashika karatasi yeye anapaka gundi. Kituoni alinishika mkono tukingoja zamu yetu. Tuliporudi nikampikia.

Jumatatu ileile nilimfuata chumbani kwake, nikamwekea mezani kile kiungo nilichokikata. Hakukana. Mkono wake anaujua hata yeye. "Dada, mimi niliazima tu," akasema. "Ningeirudisha jioni kabla hujajua." Kumbe alitaka kubeba vifurushi vya watu na wenzake, siku moja tu, akaanguka nayo, wenzake wakaificha, naye akaogopa kurudi bila hiyo. Hayo ningeyameza, kwa machungu, lakini ningeyameza. Nikamuuliza, na mlinzi je? Akanitazama kwa upole kabisa.

"Yeye atapata geti lingine. Mimi nina dada mmoja tu."

Nilitaka kumzaba kofi, nikataka kulia, nikashindwa vyote viwili. Nikaondoka.

Nikaenda kwa Mama nikidhani ninampelekea habari. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja. Aliyempa uzi ni yeye Mama, Kaka. Mchana wa siku skuta ilipopotea, mdogo wetu alimwomba uzi na kipande cha mshumaa, akasema kifungo cha shati kimekatika. Nikamwambia Mama kwamba kifungo hakitaki mshumaa. "Najua," akasema. Alijua tangu mlinzi alipofungua mdomo, na akaniacha nikatie sahihi. Akaniambia damu nzito kuliko maji. Nikamuuliza mimi ni damu au ni maji. Akaniomba nisifanye kitu mpaka azungumze na wewe.

Nikasubiri. Jumanne jioni ukapiga simu, na maneno yako ninayo, kwa hiyo usije baadaye ukasema ulisema mengine: "Sikiliza, mdogo wangu, yaishe nyumbani. Usifanye lolote mpaka nije." Na wewe huji mpaka mwisho wa mwaka. Kaka, nilikuwa nimekaa mkao wa kula nikingoja unitetee. Wewe ndiye tuliyekupa kugawa nyama tulipokuwa wadogo, kwa sababu hukuwahi kujipendelea. Ulipokata simu nilibaki nimeishika sikioni kama mjinga. Wa kwanza aliniibia, wa pili alininyamazia, na hayo niliyahimili kwa sababu nilikuwa nasema moyoni, subiri, Kaka atasikia.

Jumatano niliunga zile nyaya upya kwenye swichi yake. Nilipiga kiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, skuta ikakohoa, ikawaka. Mama alikuwa dirishani, akafunga pazia. Fundi wa kona alikuja mwenyewe kumtazama marehemu aliyefufuka, nikamrudishia spana zake, akaondoka akitikisa kichwa.

Leo asubuhi nimeipanda kwenda soko la jumla, anakobeba magunia Filimbi siku hizi. Kule hawamwiti hivyo, maana hana filimbi. Nilimkuta na gunia la vitunguu mgongoni. Alilitua, akanisikiliza mpaka mwisho huku akifuta mikono kwenye suruali. Nilimweleza yote, uzi, mkono wa kushoto, Mama kukaa kimya. Nikamwomba radhi mbele ya wabebaji wenzake. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, hata nilitamani kutukanwa. Aliniuliza jambo moja.

"Umejua lini, dada?"

"Jumatatu."

Nikamwona anahesabu moyoni. "Leo Alhamisi," akasema. Akainama, akabeba gunia lake, akaenda.

Mwanzoni nilimwonea kwa sababu sikujua, na niliuamini uongo wa mdogo wangu. Tangu Jumatatu nimemwonea nikijua. Kila siku ya hizo yule mtu ameamka akiwa mwizi kwenye karatasi yenye sahihi yangu, na mimi nilikuwa nimekaa kitako nikisubiri ruhusa yenu. Mmenisaliti, Kaka, sina neno laini zaidi na sitalitafuta. Lakini siku hizo tatu siwezi kuwatupia ninyi. Ni zangu.

Kwa hiyo kesho asubuhi ninakwenda kituoni kufuta yale maelezo na kuandikisha ya kweli. Jina la mdogo wetu nitaliandika lote, na la Baba likifuatia mwishoni, kama lilivyo kwenye vyeti vyake. Kisha nitakwenda kwa mwenye nyumba. Sijui kama geti atarudishiwa, wameshaweka mtu mwingine, lakini jina lake atarudishiwa. Barua hii ikikufikia yatakuwa yameshafanyika, kwa hiyo usipoteze vocha kunipigia.

Nisalimie sana wifi yangu. Mapacha wenu wabusu kwa niaba yangu, mmoja baada ya mwingine, maana nasikia wanahesabu. Shangazi mwambie dawa ya kuku wake nitaituma na mtu nikipata anayekuja huko. Mama hakunipa salamu zako kwa sababu hanisemeshi tangu mchana nilipomwambia ya kesho, lakini presha yake nimeipima, ni nzuri. Mungu akulinde, akupe riziki ya halali na usingizi mtulivu, ingawa wiki hii ningependa ukukatikekatike kidogo.

Mdogo wetu nimemwambia saa ya kuondoka ni saa mbili na nusu. Nimemwambia pia kwamba akitaka kwenda kusema kwa mdomo wake mwenyewe, nitampakia nyuma, na njiani sitamuuliza kitu. Hajajibu. Ila sasa hivi, ninapoandika mstari huu, nimemsikia uani akimuuliza Mama pasi iko wapi, anataka kunyoosha shati, na nimemsikia Mama akimwambia hajui.

Pasi iko kwenye kiti, mbele ya Mama, naiona kutoka hapa dirishani. Natoka kumpa.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda bado, japo leo kwa shida,

Daktari wa Kuku