Sifuri za Mtaa Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Siku ya kwanza ya kazi. Kitambulisho kina picha yangu ya shule — nimekodoa macho kama mtu aliyefumaniwa. Tuko wadadisi kumi na wawili, mimi mdogo kuliko wote. Kila mmoja amepewa mtaa wake na madodoso ya jimbo: afya za watu na jinsi wanavyoishi. Maji, choo, usingizi, majirani. Maswali arobaini.

Msimamizi wetu ni mama mrefu anayechomeka kalamu kwenye nywele. Masharti: soma swali kama lilivyoandikwa. Usimsaidie mtu kujibu. Na usirudi kwenye nyumba uliyokwisha kuhoji. Ukizoeana na watu, kazi imeharibika. Atakayerudi atakabidhi kitambulisho siku hiyo hiyo.

Sharti hilo halinihusu. Nizoeane na nani mimi?

Dada alicheka mpaka akakaa chini. Eti mimi, ninayetumwa chumvi nikarudi mikono mitupu kwa aibu ya kumwita muuzaji, leo nahoji watu!

Jumanne, 5 Machi
Nyumba saba. Mlango wa kwanza niligonga taratibu hata mwenyewe sikujisikia. Kinyozi alijibu huku akinyoa, mteja wake akamsahihisha. Kwenye swali la usingizi kinyozi akasema andika halali, ana wavulana wanne. Mteja: muongo, anakoroma hadi kwangu. Nimeandika la kinyozi.

Swali la 17 linanisumbua. *Ukiugua ghafla, ni watu wangapi unaoweza kuwaita nao wakaja?* Watu huanza kuhesabu kwa vidole. Kisha huvikunja tena, kimoja kimoja. Nasubiri. Nyumba tatu leo ni sifuri.

Alhamisi, 7 Machi
Ghorofa ya tatu, chumba kimoja, cherehani dirishani. Bibi fundi. Mume alishafariki, hawakupata mtoto. Kwenye 17 hakuhesabu hata kidole. Sifuri, mjukuu wangu, andika tu, usione haya kwa niaba yangu.

Tulipomaliza alinipa sindano na uzi. Macho yake hayaoni tena tundu. Akikwama husimama mlangoni amngoje mtu anayepanda ngazi. Jana alingoja mpaka jioni. Hakupanda mtu.

Nilimtilia uzi. Hakuna swali linaloulizia hilo, kwa hiyo nimeandika pembeni mwa dodoso: *Hana wa kumtilia uzi.* Sijui kama inaruhusiwa.

Jumatatu, 11 Machi
Nimerudi. Najua.

Nimetia uzi sindano kumi na mbili, sita nyeusi, sita nyeupe, nikazichomeka kwa mstari kwenye kipande cha sponji. Za wiki nzima. Akasema nashika sindano kama nimeshika nge. Nikamwambia yeye anashika chai kama ataporwa. Mimi nimesema hivyo! Kwa mtu mzima! Akacheka mpaka chai ikamwagika kweli.

Nimekaa karibu saa nzima. Mama aliuliza nilikuwa wapi. Nikasema foleni ya kurudisha karatasi.

Jumatano, 13 Machi
Msimamizi ameniita. Sifuri zangu zimezidi. Nyumba kumi na tisa kwenye swali la 17! Wenzangu wana watatu, wanne kila nyumba. Hakugomba. Alisema, mwanangu, wewe una aibu. Mtu akinyamaza kidogo unaandika sifuri upate kutoka.

Si kweli. Nilisubiri mpaka vidole vyote vikakunjwa. Lakini mdomoni ilitoka "ndiyo, mama." Ovyo kabisa.

Mitaa yenye sifuri nyingi ndiyo itapangiwa wahudumu wa afya wa kupita nyumbani kwa watu. Kwa hiyo lazima ahakikishe. Ijumaa atakagua nyumba moja. Sifuri ikiwa kweli, zote kumi na tisa zinabaki. Ikiwa si kweli, zote zinafutwa, nami nitahamishiwa ofisini kupanga mafaili. Hakuna atakayenifukuza, alisema. Mafaili hayaoni haya.

Akapekua rundo. Akasimama kwenye maandishi yangu ya pembeni. Uzi gani huu? Basi, tutaanza na huyu.

Alhamisi, 14 Machi
Nilifika mpaka chini ya ngazi. Sikupanda. Kumwambia aseme nini ni kumsaidia kujibu.

Ijumaa, 15 Machi
Naandika nimekaa kwenye ngazi, ghorofa ya tatu. Msimamizi ameniambia ningoje nje, bibi asije akajibu kwa kunitazama usoni. Hajamwambia bibi kwamba niko hapa. Mlango haukufunga vizuri. Nasikia.

Swali la 15. La 16. Bibi anajibu kama alivyonijibu mimi, neno kwa neno.

La 17.

Kisha bibi: mmoja. Kwa sauti ya mtu anayeonyesha nguo mpya! Zamani hakuwa naye, sasa anaye mmoja. Msimamizi anauliza ni nani. Binti fulani, ananitilia uzi, tazama, bado tano. Jina lake? Sikumuuliza, lakini mpole huyo, anagonga mlango kama anauomba radhi.

Karatasi inafunuliwa. Kalamu inaandika.

Ile sifuri ilikuwa kweli. Tarehe saba ilikuwa kweli. Nikinyamaza, kesho napanga mafaili, na watu kumi na tisa wanafutwa. Nikisema ni mimi, sifuri zinabaki, mimi naenda nyumbani. Dada atacheka. Mama hatacheka.

Kiti kimesogezwa. Msimamizi anashukuru, anaaga. Bibi anamwambia ukikutana naye huko nje mwambie nyeusi zimeisha.

Viatu vinakuja mlangoni. Nakivua kitambulisho, kamba imenasa kwenye hereni yangu. Taratibu. Isikatike, ni ya kurudisha —